Ushuru wa Kicheko cha Sikudhani

Usiku wa jana niliota, na usingizi wenyewe ulikuwa mwepesi kama ulivyo wa watu wazima, kwamba simu inaita na anayepiga ni binti yangu Sikudhani.

Sikudhani yuko Tunduma. Zamani alikuwa na kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwa simu hapa hapa Muheza, cha rangi ya samawati, pembeni ameniwekea benchi langu la kupumzikia. Tozo ya miamala ya simu ilipokuja, wateja wakaanza kutuma pesa kupitia makondakta wa mabasi. Kibanda kikafungwa, naye akaenda mpakani kutafuta riziki. Vifurushi vya kupigia navyo vikapanda bei, akawa ananiandikia meseji tu. Meseji haina sauti.

Basi napokea. "Shikamoo mama," anasema. Sikudhani hajui kunisalimia bila kucheka, na kicheko chake huanza na kwikwi. Sasa pale penye kicheko pametobolewa tundu la mviringo, kama la kifungo.

"Kimekatwa ushuru," simu ikaniambia. "Kicheko ni anasa."

"Hata cha mwanangu?"

"Hata kiwe cha nani, bibi. Nenda ukakidai ofisini."

Nikafungua mlango wa jikoni, nikajikuta ofisini. Nyuma ya meza imekaa mashine ya risiti, imevaa shati lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama. Inatafuna karatasi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba." Hiyo haikukatwa. Walioko ofisini hawakatwi.

"Una namba ya mlipakodi?"

"Nina namba ya kiatu."

"Ngapi?"

"Saba."

Ikaandika.

Ukuta ukasogea, tukawa ghalani. Kwenye rafu kuna nyimbo za kubembelezea watoto, miluzi ya waume za watu, na kikohozi cha mzee fulani kimefungwa kamba vizuri. Napita polepole, sigusi kitu. Rafu ya chini kabisa nakiona kicheko cha Sikudhani, kimo ndani ya mfuko wa plastiki, kinatetemeka kama kifaranga.

"Baba," nikasema, "hii mifuko si ilipigwa marufuku?"

Mashine ikautazama mfuko, ikautazama mlango. "Sema taratibu, bibi."

"Mie nilinyang'anywa mifuko yangu ya ubuyu sokoni, tena mbele za watu."

"Haya, kichukue. Mfuko uache." Ikameza kipande cha karatasi. "Lakini kuna jambo. Shikamoo ya binti yako imeingia, marahaba haijatoka. Asipoitikiwa, sitoi risiti. Na bila risiti, hupiti getini na hicho kicheko."

"Marahaba, mwanangu," nikasema haraka.

"Ngoja. Na hayo yanakatwa. Umetuma maneno mawili, moja ni la serikali. Chagua lipi liende."

Nikakaa chini, kwenye sakafu. Kutoitikia salamu ni kukosa adabu, na mimi ndiye niliyemfundisha Sikudhani kuamkia watu, nimemshika kisogo. Lakini Tunduma kuna baridi, na wazee wa kumwitikia marahaba hawakosekani huko. Wa kumwita mwanangu yuko nani?

"Kata marahaba," nikasema.

"Una hakika? Atakuona una kiburi."

"Aone. Kata."

Mashine ikatoa risiti polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Nikakitoa kile kicheko kwenye mfuko, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Navuka geti. Hapo moyo ukanishinda. Nikafungua pindo kidogo tu nisikilize, kwikwi ikaanza, na jogoo wa jirani akawika.

Nimeamka. Nimekumbatia pindo la kanga, halina kitu. Nje kunapambazuka, mtu anachota maji.

Simu iko chini ya mto. Haina salio tangu Ijumaa, hata kubipu siwezi. Lakini kuna meseji, imeingia alfajiri, nikaisoma huku nimeisogeza dirishani:

"Shikamoo mama. Mbona usiku umenipigia, ukasema mwanangu, ukakata? Nimekaa macho mpaka sasa nangoja marahaba yangu."