Maziwa Yasiyopumzika

Kuna watu wanadhani kuendesha lori la maziwa ni sawa na kuendesha lori la matofali. Tofali ukishalipakia linakaa. Maziwa hayakai. Ndani ya tangi langu hamna ukuta wala kizuizi, kwa sababu kila kona ni mahali pa maziwa kunasa na kuoza, kwa hiyo kiwanda kinataka liwe laini toka mbele hadi nyuma. Likijaa pomoni hakuna shida, maziwa hayana pa kwenda. Likiwa nusu, unakanyaga breki, wewe unasimama, maziwa bado yanakuja. Yanapiga mbele, yanarudi nyuma, yanapiga tena, na lori zima linasukumwa kama mkokoteni.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kuyataka maziwa ya Verlyn Bakke. Zizi lake ndilo la mwisho huku juu, kabla ya mteremko mkali unaoshuka hadi barabara kuu. Zamani mlima huu wetu wa Wisconsin, hapa Marekani, ulikuwa na wafugaji kila kona. Sasa wengi wameuza ng'ombe, na nikifika kwa Verlyn tangi huwa halijavuka nusu. Hata yeye amebaki na ng'ombe wachache, lakini hayo maziwa yake kidogo yalinipunguzia roho juu kwenye ule mteremko.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tatu theluji ilikuwa ikiyeyuka na uwanja wake wote ulikuwa tope. Nilizima injini, na badala ya kimya nikasikia mota. Ni mota inayozungusha kikorogeo, lile pangaboi lililo ndani ya tangi la mfugaji. Kazi yake ni kukoroga kidogo kila saa, maziwa yapoe sawasawa na krimu isikae juu, kisha izime. Mimi nikifika nataka imezimwa zamani. Huwezi kupima maziwa yanayozunguka. Unayaacha yatulie kabisa, unazamisha kijiti cha chuma, unasoma yameishia wapi.

Verlyn alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha maziwa, ameuziba kwa mikono yote miwili.

"Umechelewa," akasema.

"Tope lako limenishika. Zima mota nipime."

"Njoo kwanza tunywe kahawa. Kina mama wa kanisani wameniletea keki nyingine. Sijui nani aliwaambia mgane anakula kama farasi."

"Keki baadaye, mzee. Zima."

"Una haraka kama baba yako. Na Harlan kwa haraka zake zote aliwahi wapi?"

"Aliwahi kaburini. Nipishe, Verlyn."

Hakunipisha. Nikapita pembeni yake, na ukiniona mwili wangu utajua haikuwa kazi ndogo, nikabonyeza swichi mwenyewe. Aliutazama mkono wangu kama vile nimemvua kofia mbele za watu.

Nikafunua mfuniko. Leseni yangu ni ya kuendesha, lakini pia ni ya pua. Nikinusa maziwa nikayakataa, hakuna wa kunibishia. Harufu iliyopanda ilikuwa ya siagi iliyochacha. Nilipochungulia niliona chembechembe za njano zikielea, na kijiti kilipotoka zilikuwa zimekigandia. Maziwa yalikuwa machache, kikorogeo kimefunikwa nusu tu, kwa hiyo kilikuwa kinapiga maziwa na hewa pamoja. Ukiyapiga hivyo kwa muda mrefu, mafuta yanapasuka, yanashikana, yanachacha. Mtoto yeyote wa huku anajua hilo, na Verlyn alikuwa akikamua kabla mimi sijazaliwa.

"Umekoroga usiku kucha," nikasema.

"Pua yako ina mafua."

"Pua yangu haina neno. Hii ni siagi."

"Basi ni ile saa ya mota. Imeharibika."

Nikaitazama ile saa ukutani, ambayo ndiyo inayowasha na kuzima. Waya wake ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe mweusi.

"Imeharibika, halafu ikajifunga utepe?"

Hakucheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Nikamwona jinsi alivyokonda, shingo inaogelea kwenye kola ya shati.

"Ardis ndiye aliyekuwa anaosha vyombo huku usiku," akasema. "Mimi natangulia kulala. Kule kitandani naisikia mota. Ikinguruma najua yuko huku. Ikizima, nasubiri kidogo, mlango wa jikoni unafunguliwa, anakuja, ananiwekea miguu yake ya baridi mgongoni. Miaka yote ile namgombeza kwa ile miguu."

Akajipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Sasa ikizima, mlango haufunguliwi. Nikaona bora isizime."

Ardis, mke wake, alikuwa rafiki yangu. Alifariki baada ya Krismasi, na siku ya mazishi mimi ndiye niliyesimama kwenye birika la kahawa toka mwanzo hadi mwisho, nikimimina, nikiosha vikombe, nikiwaelekeza watu choo kiko wapi. Sikudondosha chozi. Watu walinisifu kwa hilo, na mimi nikajiona wa maana.

"Yamimine tu kwenye lori," Verlyn akasema. "Yatachanganyika na ya wenzangu. Kwa wingi ule nani atanusa?"

"Ya Delmar yamo mle. Ya wale dada wawili wa bondeni yamo. Yako yakishaingia, hakuna wa kuyatoa. Unataka na wao wamwage?"

"Kiwanda kimeshanionya mara mbili, Lorna. Kikionja mabaya tena, hakuna lori litakalopanda huku. Na hao ng'ombe ndio kitu pekee kinachonitoa kitandani."

"Najua. Ndiyo maana siyachukui. Wanahesabu wanayoyaonja wao. Haya yakiishia hapa, leo umepona. Lakini keshokutwa nakuja. Nikikuta siagi tena, itabidi niseme kwa nini nayakataa, na nikisema hivyo umekwisha."

"Kwa hiyo nizime."

"Uzime. Urudishe na waya."

"Rahisi kusema, wewe unayelala na mtu anayekoroma."

Hilo lilinipata. Nilitaka kumjibu vikali, maana nina mdomo, lakini nikaufunga. Aliinuka akachomoa kizibo cha tangi mwenyewe. Maziwa yalizunguka, yakafanya tundu katikati, yakashuka kwenye mfereji wa zizi hadi zikabaki zile chembe za njano tu kwenye chuma. Nilimwacha akizisugua.

Nikashuka mlima na tangi nusu. Nilishuka kwa gia ndogo, polepole, bila kugusa breki kwa ghafla, na nyuma yangu nikiyasikia maziwa yakienda na kurudi. Pale chini, kwenye kibao cha kusimama, nikasimama vizuri kabisa. Kukawa kimya. Ndipo maziwa yakafika. Yakapiga mbele ya tangi, na lori likasogea hatua nzima huku mguu wangu uko kwenye breki.

Nilikuwa nimelizoea pigo hilo miaka yote. Sijui kwa nini siku hiyo lilinivunja. Niliinamia usukani nikamlilia Ardis, nikalia kwa sauti, na maziwa nyuma yangu yakiendelea kwenda na kurudi. Gari moja lilinipigia honi, likanizunguka, likaenda zake. Sikuondoka hadi lori lilipoacha kutikisika.

Keshokutwa yake nilipanda tena. Nitasema ukweli, niliogopa. Nilipofika uwanjani nilikaa mkono ukiwa kwenye ufunguo, kwa sababu nikizima injini nitajua. Nikazima.

Kimya. Kunguru mmoja tu, na maji ya theluji yakidondoka kwenye bati.

Verlyn alikuwa ndani, amekaa juu ya ile ndoo, na blanketi mabegani. Macho mekundu. Waya ulikuwa umerudi mahali pake.

"Umelala huku?"

"Kulala si neno lake," akasema. "Kule kitandani nilikuwa nausubiri mlango. Huku mlango ni huu hapa, nauona, najua hauna mtu."

Nikafunua mfuniko. Maziwa yalikuwa yametulia kama meza, krimu juu, na hayakuwa na harufu ila ya maziwa. Nikampa kijiti azamishe yeye. Akakizamisha, tukasubiri maziwa yatulie tena, kisha akasoma. Yalikuwa machache, lakini yalikuwa safi.

"Sasa washa," nikamwambia.

Akanitazama.

"Nataka sampuli. Lazima yakorogwe dakika tano kwanza. Ni sheria, sikuitunga mimi."

Siku zote dakika hizo huwa narudi kwenye lori kuunganisha mpira wa kunyonyea. Siku hiyo nilibaki. Akabonyeza swichi, mota ikanguruma, na Verlyn akafumba macho. Nikakaa sakafuni karibu na ndoo yake, suruali ikalowa, sikujali. Alikuwa anasikiliza, na baada ya muda mimi pia nikasikiliza, na nikamsikia Ardis akigonganisha vyombo kwenye sinki.

Dakika tano zikaisha. Nilitazama saa, nikamtazama yeye, nikaiacha mota iendelee. Ziongezeke kidogo, maziwa hayafi kwa hilo.

Yeye ndiye aliyeinuka. Alisimama mbele ya swichi kwa muda, mgongo wake kwangu, kisha akazima.

Tukachungulia ndani pamoja. Kikorogeo kilikuwa kimesimama, lakini maziwa yalikuwa bado yanazunguka yenyewe, taratibu, kisha taratibu zaidi.

"Yaache," akasema. "Yatatulia."