Kiti Chenye Vitambaa

Nilimpeleka mume wangu Wekulo kwenye ukumbi wa kanisa akajichore picha kwa sababu kumpigia kelele kulikuwa kumeshindwa, na mimi kwa kelele si mtu wa kubahatisha.

Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, yeye na wenzake wakapigwa kalamu, Wekulo alikuwa ameketi. Hakuwa mgonjwa. Alikula, akaitikia salamu, akaketi. Kiti chenyewe ni kile cha mbao chenye mito, kinachotazama mlango, na kama ilivyo katika nyumba yoyote ya mtaa wetu wa Mbotela inayojiheshimu, kilivaa vitambaa vyeupe nilivyofuma kwa mikono yangu, kimoja mgongoni na viwili kwenye mikono. Kila Jumamosi mimi huvitoa nikavifua na kuvitia wanga. Zamani Wekulo alikuwa akisimama nifanye kazi yangu. Sasa aliinua mkono wa kulia nikatoa kimoja, akainua wa kushoto nikatoa cha pili, kisha akainamisha kichwa nikavuta cha mgongoni.

Siku moja nilijikuta nimempangusa vumbi begani pamoja na kiti. Niliogopa. Nilikuwa naolewa na samani polepole, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Ndipo kanisani kukatangazwa kwamba Lorraine, binti aliyesomea ushauri, anawakaribisha waliopoteza kazi, Alhamisi mchana, wajichore na kucheza densi, eti moyo ulioziba hufunguka hivyo. Niliona ni mambo ya watoto wa nasari. Lakini nilikuwa nimeshajaribu mchungaji, shemeji zangu, na supu ya kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni Kiamaiko, na yote aliyapokea akiwa ameketi.

Kumtoa kitini nilitumia hila. Alhamisi hiyo nilivifua vitambaa asubuhi, nikamwambia havijakauka, na kiti hakiwezi kukaliwa uchi. Hilo alilielewa mara moja. Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikilihubiri.

Ukumbini tuligawiwa karatasi na kalamu za rangi. "Kila mtu ajichore vile anajisikia leo," Lorraine alisema. "Si lazima itoke poa." Nilimwambia mimi nimesindikiza tu. Akanipa karatasi. Nilianza na mdomo, nao ukachukua nafasi yote, macho ikabidi yakae juu kabisa, karibu na nywele. Pembeni yetu Mzee Mbuthia, aliyekuwa dereva wa lori, alijichora kofia kubwa kuliko mwili.

Wekulo alichora kimya, ulimi nje kama mtoto. Nilifurahi sana kumwona hivyo, mpaka nilipochungulia. Alikuwa amechora kiti. Kiti chetu, na vitambaa vyake vitatu, na kila ua la kufuma, hata lile moja la mkono wa kushoto nililolikosea nikadhani hakuna anayejua. Mtu hakuwepo.

"Baba Mourine, wewe uko wapi hapa?"

"Si niko hapo."

"Wapi?"

Akaniwekea kidole katikati ya kiti. "Hapo tu."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumpiga na hiyo karatasi.

Lorraine aliitazama picha. Akaweka kaseti ya magita kwenye redio. "Sasa kila mtu acheze picha yake."

Mzee Mbuthia alicheza kofia, ameshika kichwa kwa mikono miwili na kuyumba ukumbi mzima. Mimi nilikuwa bado najiuliza mdomo unachezwaje. Wekulo alikwenda katikati, akakunja magoti, akanyoosha mikono mbele, akatulia. Alikuwa kiti. Magoti yalimtetemeka lakini hakusogea.

"Nani anaishi na hiki kiti?" Lorraine aliuliza. Watu wote wakanigeukia. "Basi cheza naye, mama. Fanya tu vile huwa unafanya nyumbani."

Huwa nafanya nini nyumbani? Nilivua kilemba changu nikamtandika nacho kichwani mpaka mgongoni. Nikavuta pembe. Nikarudi nyuma nione kama kimenyooka, kilikuwa kimekwenda upande, nikarudi kukivuta tena, na bila kujua nilikuwa nafuata magita kwa kiuno. Kina mama wakanirushia leso mbili za mikono, nikazitandaza. Nikampangusa vumbi mabegani. Watu walicheka mpaka wakaegemeana, lakini kiti changu hakikucheka.

Sasa Mzee Mbuthia, amechoka na kofia yake, alikuwa anatafuta pa kupumzikia. Mpaka leo anaapa kwamba alisahau. Alikuja kinyumenyume, akajishusha, akaketi kwenye mapaja ya mume wangu.

Halafu sauti ikatoka chini ya kilemba. "Mzee, keti lakini usiegemee. Mama Mourine ameweka wanga."

Wakaanguka wote wawili. Na kutoka chini ya Mzee Mbuthia nikasikia kicheko cha Wekulo, kile kinachoanza kama lori linalokataa kuwaka, kisha linawaka. Sikuwa nimekisikia tangu kiwanda kifungwe. Niliketi hapo sakafuni nikalia, na kilemba cha kufutia machozi kikiwa bado kichwani kwake.

Asubuhi iliyofuata alisimama. Nilitaka kumshukuru Mungu, lakini kabla sijafika kwenye amina alikuwa amebeba kiti na vitambaa vyake, anatoka nacho mlangoni. Alikiweka kwenye kibanda changu ninapouza omena, vile visamaki vya ziwani, kando ya barabara, kwenye vumbi lote la Mbotela. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Hakuketi hata dakika moja. Mteja wa kwanza alikiona kiti akakikalia, wa pili akangojea zamu, na Mzee Mbuthia siku hizi huja kila asubuhi, kofia kichwani, bila kununua chochote. Anayepima omena na kubishana na wateja ni Wekulo. Jioni nikimwona amechoka namwambia aketi kidogo, apumzishe miguu.

"Niketi wapi?" ananiuliza. "Kiti si kina mtu."