Alama za Jaifar

Uchumba ulivunjika Jumanne moja mchana, na aliyekuja kuuvunja alikuwa dereva. Alisimama mlangoni kwa kina Bashayer, mtaa wa Wattaya, akasema Bi Masouda, mama wa mchumba, amemwagiza aje kuichukua pete. Zaidi ya hapo hakujua.

Sababu waliisikia wiki mbili baadaye, kwenye harusi ya watu. Bi Masouda, mamake Jaifar, alikuwa akiwaambia wanawake kwamba amechunguza, na bibi yake Bashayer mzaa baba alikuwa mtumishi wa jikoni huko Unguja. Damu kama hiyo haichanganyiki na yake. Jaifar mwenyewe alituma ujumbe wa maneno manne: Samahani. Mama hataki. Basi. Mwaka haukwisha akamwoa binamu yake.

Miaka sita ikapita. Bashayer, ambaye alisomea kompyuta, alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo pale Hamriya iliyochuja maombi ya kazi kwa niaba ya mashirika makubwa. Watu walituma maelezo yao, programu ikayasoma na kuwapa alama kwa mia. Aliyepata chini ya hamsini, hakuna binadamu aliyefungua karatasi zake. Bashayer ndiye aliyeiwekea programu masharti: hiki kiongeze alama, kile kipunguze.

Asubuhi moja jina la Jaifar likatokea kwenye orodha. Kampuni ya mabomba aliyoifanyia kazi ilikuwa imepunguza watu. Alama zake zilikuwa sabini na moja.

Bashayer alilitazama mpaka chai yake ikapoa. Jina hakuligusa, maana lingemfichua. Alitafuta vitu vingine vya Jaifar: chuo kidogo alichosoma Malaysia, na miezi kumi na minne aliyokaa bila kazi baada ya kuhitimu. Akaandika sharti: aliyesoma chuo hicho na kukaa zaidi ya mwaka bila kazi apunguziwe thelathini na tano. Sababu, hatari ya kuacha kazi mapema. Yaqdhan, mkuu wake, alilisoma, akaliidhinisha, akaenda kusali adhuhuri.

Jaifar akashuka hadi thelathini na sita. Aliomba kwingine, na huko nako walitumia programu ile ile. Aliomba mara kumi na moja. Bashayer alikuwa akifika kazini na kulitafuta jina lake kabla hajavua miwani ya jua, na kila alipoziona zile alama alisikia raha kifuani. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Mwezi wa saba Bi Masouda akaja nyumbani kwao baada ya alasiri, amebeba halwa. Mamake Bashayer hakuwa na moyo wa kumrudisha mlangoni. Akamkaribisha, akamtilia kahawa.

"Nnakuja kwako, mwanangu, nna haja," Bi Masouda alimwambia Bashayer. "Nnajua tulikosana."

"Hatukukosana, Bi Masouda. Ulimtuma dereva."

Bi Masouda aliinamisha macho. "Jaifar yuko nyumbani mwaka sasa, mkewe kesharudi kwao. Nnasikia hiyo kompyuta mnaiendesha nyie. Iambieni imtazame vizuri."

"Inamtazama vizuri. Inatazama alikotoka mtu, alikosoma, alivyokaa. Ikiona kitu isichokipenda, inamweka pembeni. Haimwiti kumuuliza."

"Hata haimjui?"

"Bibi yangu ulimjua?"

Bi Masouda akakitikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, ingawa kahawa ilikuwa bado nusu, akaaga.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?" mamake akauliza mlango ulipofungwa.

"Nimefanya kazi yangu, mama."

Wiki iliyofuata msichana aitwaye Mazoon aliingia ofisini kwao na bahasha ya karatasi. Alikuwa amekataliwa mara kumi na tisa. Hakuja kugombana, alimwambia mtu wa mapokezi. Alitaka tu kuambiwa kosa lake. Alisoma Malaysia, chuo kile kile. Aliporudi alimuuguza mamake mwaka na nusu, mpaka alipofariki.

Bashayer aliyasikia yote akiwa amesimama kwenye mashine ya kuchapisha. Mchana huo huo alilifuta sharti lake. Alama za Mazoon zikapanda kutoka thelathini na nne hadi thelathini na tano. Akafikiri amekosea, akajaribu tena. Thelathini na tano.

"Sharti lile si kitu tena," Yaqdhan alimwambia. "Programu inajifunza yenyewe kwa kuwaangalia iliowakataa. Imeshazoea kuwa watu wa namna hiyo hawafai."

"Turudishe ya zamani, ya kabla ya sharti."

"Tunaweza. Niandikie ripoti: sharti lilikuwa na kosa gani, na nani aliliweka na kwa nini."

Alirudi mezani kwake akaifungua ripoti. Aliandika tarehe, akaandika jina la chuo. Alimwona Mazoon kwa dirisha, amesimama juani na bahasha yake akingoja teksi, na akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akaitazama orodha ya asubuhi. Jaifar alikuwa ameomba tena, safari hii kazi ya ukarani wa ghala, na ripoti ikienda, naye atarudishiwa alama zake. Alijipima kama haya ile inamfikia na Jaifar. Haikumfikia.

Akampigia simu rafiki yake wa hospitali moja binafsi, akamwombea Mazoon usaili wa ana kwa ana. Alipomaliza, aliifunga ripoti bila kuihifadhi.