Fagio za Wachawi

Theluji iliyoanza kuanguka Alhamisi asubuhi haikuwa ile nyepesi inayopeperuka. Ilikuwa mbichi, nzito kama udongo wa kufinyangia, na ilipotua juu ya kuba la bwawa ilikaa hapohapo, haina habari ya kuondoka.

Ottmar Kienzle, msimamizi wa bwawa, alisimama ndani, kando ya maji, shingo kaikunja anatazama juu. Kuba lile halikuwa na nguzo hata moja. Lilikuwa turubai kubwa jeupe lililobebwa na hewa tu, na hewa yenyewe ilisukumwa na feni iliyonguruma usiku na mchana nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kila Oktoba watu wa mji walilisimamisha juu ya bwawa ili waogelee majira ya baridi, na kila masika wakalikunja. Sasa katikati limebonyea, tumbo limeshuka mpaka mishono inaonekana.

"Miaka yote tulikuwa tunaongeza joto, theluji inayeyuka inateleza yenyewe," alimwambia Bi Lüders kwenye simu. "Nyie mkatuletea amri ya kupunguza. Mnaokoa gesi, mnaua kuba."

Bi Lüders alikuwa mkuu wa michezo pale manispaa. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa pwani, na mwaka haukuwa umemwishia mjini.

"Bwana Kienzle, tusigombane sasa. Jioni kuna upepo mkali. Ongeza feni."

"Nimeongeza. Imefika mwisho."

"Basi lilaze."

Kulilaza ni kuzima feni, turubai lishuke polepole juu ya maji pamoja na theluji yake, kabla upepo haujalichana. Ottmar alijua ndivyo inavyotakiwa. Kilichomuudhi ni kwamba neno la kweli limetoka kinywa kile.

"Nikililaza mtalisimamisha lini? Meya keshasema ni mzigo. Likichanika hanunui jingine."

"Jumamosi. Waite watu wako wa chama cha waogeleaji wafagie theluji, kisha uwashe feni. Baada ya hapo redio inasema theluji itaganda iwe barafu tupu."

Ottmar akacheka puani. "Jumamosi hii, mama?"

"Kwani Jumamosi kuna nini?"

Hakumjibu. Alikata simu, akamwacha na ujinga wake. Mtu mzima anakaa ofisi ya mji ule na hajui kwamba Jumamosi ile ni ya sherehe ya vinyago, kwamba zimamoto, waokaji, mpaka padre, hakuna atakayekuwa na uso wake mwenyewe! Ndio hao wanaopewa viti.

Majini walikuwa wamebaki bibi watatu na kofia zao za mpira. Walikuwa wenzake Irmgard, marehemu mkewe.

"Tokeni, akina mama. Nalilaza."

"Jumatatu tutaogelea lakini, Ottmar?" aliuliza Hedwig, akishikilia ngazi. Nchi kavu Hedwig alitembea na fimbo mbili.

"Muulize meya."

"Meya hanioni mimi nikiwa na chupi ya kuogelea. Nakuuliza wewe."

Ottmar aligeukia ukuta. Irmgard naye, majira yake ya mwisho ya baridi, miguu ilikuwa imemkataa kabisa. Lakini ukimteremsha pale kwenye ngazi, maji yalimchukua, akaenda mwenyewe hadi upande wa pili na kurudi, akicheka.

Alizima feni. Kimya kilichoingia kilikuwa kibaya. Turubai likashuka, likalala juu ya bwawa na mzigo wake mgongoni.

Upepo ulipita bila kulichana. Jumamosi mchana kuba lilikuwa zima, limefukiwa. Beleshi haliruhusiwi, linakata turubai. Ni fagio na mikono, na mikono mingi. Ottmar alianza kufagia peke yake. Alipomaliza kona moja, jasho lilikuwa limeanza kumpoa mwilini na ukingo wa theluji pembeni kimeshaanza kuwa kigumu. Kutoka mjini zilisikika ngoma na tarumbeta.

Aliweka ufagio chini, akaenda ukumbini kwenye sherehe.

Kazi ya kuwaita watu ilikuwa ya Irmgard. Alikuwa akipita mlango kwa mlango: Gebhard, mgongo unaendeleaje? Njoo Jumamosi, nitapika supu ya njegere. Na watu walikuja. Ottmar alidhani wanakuja kwa ajili ya kuba.

Ukumbi ulijaa moshi wa soseji na wachawi, maana chama cha vinyago cha mji ule huvaa kichawi: pua ndefu za mbao, vitambaa kichwani, kila mmoja na ufagio wake. Fagio zilikuwa zimeegemezwa ukutani kuanzia mlangoni hadi kwenye mapipa ya bia. Ottmar alizihesabu kwa macho.

Mchawi mmoja akainua kinyago. Alikuwa Gebhard, mchinjaji wa mji. "Oho! Mzee wa bwawa! Mpeni bia huyu kabla hajaanza."

"Sitaki bia. Kuba liko chini. Wale washenzi wa ofisini walipunguza joto, sasa yule mwanamke..."

"Kaanza!" mtu akapiga kelele, ukumbi ukacheka.

"Ottmar, ndugu yangu," Gebhard akamvuta pembeni, "umekuja kuomba ama kugomba? Useme tu. Wimbo wa ofisi tunaujua wote."

Neno lilikuwa moja, na dogo: nisaidieni. Lilifika kwenye meno likakwama. Pale mezani, katikati ya wachawi, meya alikuwa ameketi na pua ya mbao, anakula.

"Endeleeni kucheza," Ottmar alisema. "Kondoo wa meya nyie."

Akatoka. Alifagia mpaka giza lilipomkatalia, na theluji ikaanza kuganda na kulia chini ya viatu.

Jumapili asubuhi Gebhard alikuja na wenzake watano, vitambaa vingali kichwani, macho mekundu, fagio mabegani. Walizipiga fagio juu ya turubai, zikaruka kama zimepiga jiwe.

"Washa," alisema Gebhard mwishowe. "Labda barafu itapasuka ianguke."

Ottmar aliwasha. Feni ikanguruma, upande mmoja ukainuka, ukatetemeka. Kisha bamba la barafu likateleza, ncha yake ikalichana turubai. Mlio ulikuwa mrefu, wa nguo kuchanwa, na hewa ya vuguvugu ikawapiga usoni kwa mkupuo.

Ottmar alizima.

"Wao ndio waliopunguza joto," alisema.

"Wao," alijibu Gebhard, kwa sauti anayotumia mtu akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nje ya uzio Hedwig alikuwa amesimama na fimbo zake mbili, mfuko wa taulo begani. Alikuwa amekuja kuuliza habari za Jumatatu.