Pumzi Mbele ya Wakwe

Asubuhi ile mke wa seremala alipiga deki kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni za manukato humbana kifua. Wazazi wa mchumba wa mwanawe walikuwa njiani kuleta jibu lao kuhusu posa. Mumewe alikuwa amekwisha kukata shauri: pampu ya pumu ibaki chumbani, chini ya mto.

"Wakiiona watauliza habari za kurithi," alisema huku akifunga vifungo vya shati. "Jikaze, mama watoto. Ni muda mfupi tu."

Hakuongeza lile walilolijua wote wawili, kwamba kijana wao naye alikuwa na pumu.

Wageni walipoingia, mama wa binti alimkumbatia mwenyeji wake kwa nguvu. Alikuwa amejipulizia marashi bila choyo, na koti la mumewe lilinuka sigara aliyotoka kuizima mlangoni. Mke wa seremala alitabasamu, akaketi, akaanza kuvuta hewa kwa kuibaiba.

"Mbona kimya, mwenzangu?" mama wa binti akamtania. "Au umeghairi, hututaki tena?"

"Karibu... ni," akajibu, neno likamkatikia katikati. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Seremala akapaza sauti kuzungumzia bei ya mbao, ili kuifunika.

Dirisha halikuwa mbali, lakini miguu ilimgomea. Midomo ikafa ganzi. Ndipo alipomwona mwanawe, aliyeketi upande wa pili, akitia mkono mfukoni. Akamtolea macho ya kumkataza. Yeye akizimia, watasema ni umri. Lakini pampu ikitoka mfukoni mwa kijana, ndoa itakuwa mashakani.

Kijana akapiga goti mbele yake. "Vuta, mama."

"Ficha," akanong'ona.

"Mama, vuta!"

Akavuta. Akavuta tena. Hata seremala aliziacha habari za mbao.

Baba wa binti akauliza, "Hiyo ni ya mama yako, au ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Ninaumwa tangu utotoni."

Mama wa binti akapiga makofi. "Kumbe! Ndiyo maana nikipanda gari lako unateremsha vioo vyote! Nami nimemsema binti yangu mpaka basi, kwamba kajitafutia mwanamume wa maringo!" Akainuka, akahamia kiti cha mlangoni, yeye na marashi yake.

Mumewe hakucheka. "Binti yetu anajua?"

"Anajua. Nilimwambia mapema."

Mzee akamgeukia seremala. "Basi niliyefichwa ni mimi."

Seremala akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa amepata pumzi ya kutosha maneno machache tu, akayatoa. "Tulikuficha sote wawili, mzee. Tuliogopa."

Mgeni akasimama. Mke wa seremala akamfuata kwa macho hadi mlangoni. Mzee akalivua koti, akalitundika kwenye msumari wa nje, kisha akarudi kuketi mahali pake.

"Haya," akasema, bado hatabasamu. "Sasa tuzungumze habari za hawa watoto wetu."