Sare ya Mdomo

Msusi alikuwa na mafuta mpaka viwikoni, mteja wake kakaa kwenye kigoda, simu ilipoita. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vitana, mchezo wa chesi ukiendelea kwenye skrini. Aliyepiga ndiye mpinzani mwenyewe: shemeji yake, mume wa dada yake, aliyebatizwa jina la Profesa kwa sababu ya miwani tu.

Mteja akambonyezea spika.

"Shemeji, tutachoshana bure," Profesa akasema. "Umebakiwa na ngome moja, nami moja. Tuite sare?"

Msusi akatupia macho skrini. Kweli mchezo ulikuwa umekauka. Na sare ilimtosha: huu ulikuwa mchezo wa mwisho wa ubingwa wa klabu, naye alikuwa mbele kwa nusu pointi, na bingwa ndiye angeshika ubao wa kwanza, kiti cha mchezaji mkuu wa timu. Alikuwa akiiota nafasi hiyo tangu alipojifunza mchezo huu peke yake, kwa kuchungulia wengine wakicheza.

"Sare, shemeji. Asante kwa mchezo."

"Asante na wewe. Natuma ombi, utabonyeza."

Klabuni, neno hilo lingetosha: mnapeana mikono, mnakusanya kete. Akarudi kwenye nywele. Ombi halikulia, akadhani mtandao unajivuta. Alipomaliza msuko na kunawa mikono, skrini ikamwambia ameshindwa, muda wake umekwisha. Profesa alikuwa amesogeza ngome yake, kisha akakaa kimya kuitazama saa ya mwenzake ikiyeyuka.

"Si ndiye huyu aliyesema sare?" mteja akang'aka. "Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Msusi akapiga simu.

"Kwani ulibonyeza?" Profesa akauliza.

"Kwani ulituma?"

"Usikasirike, shemeji. Programu haisikii maneno, inajua kitufe. Soma kanuni."

Akaisoma, akairudia polepole. Kanuni haikuwa na kosa. Mashine itajuaje watu wameelewana? Hakuwa na ugomvi nayo. Kilichomuuma ni ile "asante na wewe".

Jioni klabuni, katibu aliwasikiliza wote wawili, akakuna kidevu.

"Matokeo siwezi kuyafuta. Ila Profesa amekubali mrudiane, kiungwana."

"Nakupa nafasi nyingine," Profesa akatabasamu. "Nani kama mimi?"

"Unanipa? Unanipa kitu ulichoniibia?"

"Cheza, dada yangu," katibu akambembeleza. "Huyu utamfunga tu. Ukikataa, ubao wa kwanza ni wake."

Kete zilikuwa zimeshapangwa. Msusi alijua angemfunga, vidole vilimwasha.

"Ubao ule nautaka kuliko mnavyodhani," akasema, sauti yake ikiwa chini kama kawaida. "Lakini kwanza aseme hapa mbele yenu: tulikubaliana sare, nikamgeuka. Akisema hivyo, nakaa."

Watu wakamgeukia Profesa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mambo ya simu hayana ushahidi."

"Mteja wangu alikuwepo. Wewe mwenyewe ulikuwepo!"

Katibu akatazama dari.

"Basi mpeni ubao wake," msusi akasema, akitwaa mkoba. "Na huko kwenye timu, akiwaambia kumekucha, fungueni dirisha kwanza."

Mmoja nyuma akaangua kicheko. Msusi hakucheka. Alikuwa tayari mlangoni.