Pombe ya Sala

Tryphena alibakiwa na mtu mmoja tu aliyejua sala ya kutasa kwa Kikasigau, na mapafu ya mtu huyo yalikuwa yamekwisha.

Miaka ishirini na mmoja alikuwa ameuzunguka mlima wa Kasigau na kinasa sauti, akikusanya maneno ambayo vijana wanayacheka. Mzee Nzembi alimpa yote, ila sala. Kutasa ni kutoa hasira moyoni: unapiga funda la pombe ya miwa, unaitema kama mnyunyizo, ndipo unasema. Bila pombe, mzee hasemi. Na Jumatatu mwanawe angempeleka hospitali Voi, safari ambayo hakuna aliyetegemea angerudi.

Basi pombe ikatengenezwa, lita tano. Hapo Tryphena, mtu wa barua na mihuri, akakosea: aliomba ruhusa kwa naibu chifu, kwa maandishi.

Jumamosi asubuhi mtungi wa pombe ulikuwa kando ya kitanda cha mzee na kinasa kimeshawashwa, Naibu Chifu Ronald alipoingia na askari wawili, barua mkononi.

"Madam, umejiandikia kesi mwenyewe. Si hapa umesema pombe?"

"Ni ya utafiti, Chifu. Ni ya sala."

"Sala iko kanisani. Hii ni chang'aa, pombe haramu."

"Onja basi, ujue kama ni chang'aa!"

"Niko kazini."

"Lakini bosi, ni tamu," askari mmoja akasema, akilamba kidole.

Mtungi ukamwagwa mlangoni.

Walipoondoka, Tryphena alipiga magoti. "Mzee, sema hivyo hivyo. Nakuomba."

"Kinywa kikavu? Hasira haitoki, mwanangu. Inageuka laana, inamshika mtu."

"Imshike Ronald!"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Yule mjinga ni mjukuu wa dada yangu. Sifi nikiwa nimemlaani." Akageukia ukutani.

Alifariki Jumatano, Voi.

Tryphena ana saa mia nne na kumi na mbili za sauti: hadithi, vitendawili, majina ya ndege, nyimbo za kulimia. Za Jumamosi ile ni dakika tisa. Ronald anaongea. Pombe inamwagika mchangani. Mzee anacheka mara moja, anakohoa mara kumi na nne. Sala haimo, hata neno moja.